Kozi ya kushona onlaini: ninunue vigezo na masharti ya templeti au niandike ya kwangu?

FundiMakorora

Habari zenu wana jukwaa, poleni na majukumu. Mie ni fundi cherehani niko hapa Tanga mjini, Makorora, nafundisha kukata na kushona kwa mtandao. Nilianza na grupu la WhatsApp tu, natuma video, wanafunzi wanatuma picha za walichoshona nawasahihisha, na jioni mbili za wiki tunakaa laivu naonyesha vitu vinavyowashinda wengi kama kuingiza mikono au kuweka zipu ya kujificha. Sasa kozi imekua, ina madera, abaya, gauni la bitana na shati la kiume, na kuna kijana ananitengenezea tovuti, mtu akilipa kwa lipa namba anafunguliwa masomo yake na paterni za PDF za kuprinti.

Huyo kijana kanambia lazima niwe na ukurasa wa vigezo na masharti, na anao tayari wa Kiingereza, kautoa kwenye templeti ya kozi za nje, atabadili jina tu niongeze elfu thelathini. Nimeufungua nikausoma na binti yangu, mna maneno ya mahakama za jimbo la Marekani sijui, mna kulipia kila mwezi wakati kozi yangu mtu analipa mara moja, mna kurudishiwa pesa ndani ya siku 30 bila kuulizwa. Na yale yanayonikosesha usingizi mie hayamo kabisa.

Yenyewe ni haya. Kuna mtu analipa leo, anapakua kila kitu usiku huohuo, kesho anataka hela yake eti hana cherehani. Kuna aliyechukua masomo yangu akayaweka kwenye grupu lake anayauza buku mbili. Kuna wanaolipa nusu, wanasoma mpaka katikati, halafu kimya. Kuna wanaouliza kama cheti changu wataombea kazi kiwandani. Na wapo mabinti waliomaliza kidato cha nne wanasubiri matokeo, wengine hawajafika miaka 18, wananitumia vipimo vyao vya mwili na picha wamevaa nguo walizoshona ili niangalie zinavyokaa. Na nina wanafunzi wako Uingereza wanalipa kwa ndugu zao huku.

Naombeni mnisaidie, je niuchukue huu wa kijana au niandike wangu kwa Kiswahili, na Kiswahili kinakubalika kweli ikifika mahali pa kesi? Kozi hii ndiyo inayosomesha wanangu, sitaki kufanya mambo ya kubahatisha.

KaraniChumbageni

Dada fundi pole, na hongera kwa kuuliza mapema. Mimi nafanya kazi ofisi ya mawakili hapa Tanga, nakujibu kwa ninayoyajua, ila rasimu yako ya mwisho mpelekee wakili aipitie japo kwa saa moja.

Templeti ya kijana iache. Siyo kwa sababu ni ya Kiingereza tu, ni kwa sababu masharti ni ahadi, na ile karatasi inaahidi vitu ambavyo wewe hutavifanya. Ukiandika siku 30 bila maswali, mtu aliyepakua kila kitu siku ya 29 atakuja na maandishi yako mkononi na atakuwa na haki yake, wewe ndiye uliyemwambia. Siku 30 ni mtindo wa majukwaa makubwa kama Udemy, wao wana mamilioni ya wanafunzi na pesa ya kurudisha ipo, fundi wa Makorora hawezi kuvaa deni hilo.

Kiswahili kinakubalika tena sana. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na hata kabla ya hapo mkataba wa Kiswahili ulikuwa mkataba. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haiulizi lugha, inauliza kama watu wamekubaliana kwa hiari, wana uwezo wa kuingia mkataba, kuna malipo au kitu cha thamani kinachobadilishana, na jambo lenyewe ni halali. Mwanafunzi wako wa Pongwe au Muheza akisema mahakamani hakuelewa kile Kiingereza, umeshajitafutia ubishi usio na maana. Na mkataba wa kubonyeza kwenye simu nao una nguvu, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mkataba haukataliwi kwa sababu tu umefanyika kielektroniki. Sheria hiyohiyo inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe, aweke anwani na simu, aeleze anachouza na bei yake kamili. Kwa hiyo mwanzo kabisa wa ukurasa wako liwepo jina lako la biashara kama lilivyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), mtaa ulipo, namba ya simu, na bei isiyofichwa.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui ni WAKATI wa kuyaonyesha masharti. Tulifundishwa chuoni kesi ya Uingereza ya mwaka 1949, Olley na hoteli ya Marlborough Court. Mgeni amelipa mapokezi, amepanda chumbani, huko chumbani ndiko kuna tangazo ukutani kwamba hoteli haihusiki na vitu kupotea. Vitu vyake vikaibiwa. Mahakama ikasema lile tangazo halimo kwenye mkataba, mkataba ulishafungwa mapokezi. Kesi ya kule siyo amri kwa mahakama zetu, lakini hoja yake ndiyo wanasheria wetu wanayoitumia mpaka leo. Wewe ukiweka masharti chini kabisa ya tovuti kwa maandishi ya sisimizi, au ukayatuma kwenye grupu baada ya mtu kulipa, ni tangazo la chumbani hilo. Kisanduku cha kuweka tiki kikae kabla ya kitufe cha kulipa na kisiwe na tiki tayari. Wa WhatsApp mtumie masharti kwanza, ajibu NIMEKUBALI, ndipo umpe lipa namba. Na hiyo meseji itunze.

Kuhusu huyo anayeuza video zako buku mbili nitarudi, niko kazini.

TichaDunda

Fundi salaam kutoka Bagamoyo. Mie nafundisha kompyuta na usanifu wa matangazo onlaini, masharti yangu niliyaandika mwenyewe kisha nikampa wakili ayanyooshe, nitakwambia namna nilivyoyatoa.

Usianze na sheria, anza na kozi yako. Chukua daftari, andika mwanafunzi anavyotoka kwenye tangazo la stetasi mpaka siku anapomaliza, hatua kwa hatua, na kila hatua jiulize hapa watu huwa wanagombana na mie kwa jambo gani. Anaona bei, analipa, anafunguliwa, anaingia laivu, umeme unakatika, anakosa kipindi, anatuma kazi, unachelewa kumjibu, anataka cheti. Kila penye ugomvi ndipo penye kipengele. Pasipo na ugomvi usiandike kitu, kurasa kumi na mbili hazisomwi na mtu kwenye simu ya kioo kidogo.

Tuchukue huo umeme, hakuna templeti ya Ulaya itakayokuwekea. Mie nimeandika kwamba umeme au mtandao ukikatika upande wangu kipindi kinahamishwa na ninatangaza siku mpya ndani ya saa 48, ukikatika upande wa mwanafunzi anapata rekodi. Kabla ya hapo ilikuwa ni malumbano kila wiki, watu wanataka warudishiwe sehemu ya ada kwa kipindi kimoja. Na bando ni la mwanafunzi mwenyewe, liandike waziwazi, na useme video zina ukubwa gani kwa makadirio ili mtu ajue anaingia kwenye nini.

Halafu neno "milele". Naona kozi nyingi wanaandika utapata masomo maisha yako yote. Dada yangu usiandike. Tovuti inalipiwa kila mwaka, ukiugua au ukibadili kazi nani atailipia? Andika mwaka mmoja au miaka miwili tangu siku ya kulipa, na kwamba ukitaka kuifunga kozi utawapa taarifa mapema wapakue paterni zao. Mtu akijua mapema hana shida.

Kwa wanaolipa nusu kimya, wala usihangaike na vitisho, gawa masomo kwa awamu. Nusu ya ada inafungua nusu ya masomo, akimaliza malipo inafunguka iliyobaki, na useme awamu ya pili isipolipwa ndani ya muda fulani nafasi yake kwenye laivu inafungwa lakini alivyolipia vinabaki vyake. Tovuti inalifanya hilo yenyewe, mwambie kijana wako aliseti.

Rifandi sasa. Yangu iko hivi, unarudishiwa ndani ya siku 7 kama hujavuka somo la pili na hujapakua mafaili ya kazi, ukishavuka hapo hairudi isipokuwa kosa likiwa langu, yaani nimeshindwa kutoa kozi niliyoitangaza. Masomo mawili ya mwanzo yanamtosha mtu kujua kama anaelewa ufundishaji wangu. Na taja makato ya muamala anayabeba nani, hili ni dogo lakini limeshawahi kuvunja urafiki wa watu. Mie nimeamua, mwanafunzi akighairi mwenyewe makato yanatoka kwenye pesa yake, kosa likiwa langu nabeba mie na anapata pesa kamili.

MamaZuwena_Muheza

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mie nazungumza kama mwanafunzi maana nyie wote mnaongea kwa upande wa mwalimu. Nimeshanunua kozi za mtandaoni zaidi ya moja, kuna moja, jina siwataji, nilipolipa nikaona masomo ni machache kuliko yaliyokuwa kwenye tangazo, kuuliza naambiwa vigezo na masharti vinasema mwalimu anaweza kubadilisha kozi muda wowote. Jamani muda wowote? Mtu umeuza machungwa yako ukalipa ada halafu anakupunguzia kwa sababu aliandika sentensi moja ya Kiingereza huko chini.

Kwa hiyo fundi, ukiandika kwamba unaweza kubadilisha, sema utabadilisha nini. Kuongeza somo sawa, kurekodi upya video iliyokuwa haionekani vizuri sawa, kuhamisha siku ya laivu kwa taarifa sawa. Kupunguza mishono uliyoitangaza, hapana, labda umrudishie mtu fedha ya kile kilichotoka.

Na andika mambo ambayo mwanafunzi anapaswa kuwa nayo kabla hajalipa, mwaya hili muhimu kuliko yote. Yule aliyesema hana cherehani, inawezekana hakuona popote pameandikwa cherehani kinahitajika. Weka juu kabisa, unahitaji cherehani cha kawaida, overloki siyo lazima, futi kamba, mkasi wa kitambaa, karatasi za kukatia paterni, kitambaa unanunua mwenyewe na kitambaa ukikiharibu kwenye mazoezi ni hasara yako. Tena sema kabisa kitambaa cha kujifunzia kisiwe cha bei, watu wanakata hariri siku ya kwanza.

Kingine, utajibu lini? Mie mwalimu akikaa wiki hajaangalia kazi yangu naona nimetupa hela. Kama ni siku mbili za kazi sema siku mbili, kama Ijumaa mchana hupatikani sema.

KaraniChumbageni

Nimerudi. Mama Zuwena umesema vizuri na sheria iko upande wako, kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na FCC (Tume ya Ushindani), inakataza kumpotosha mlaji. Tangazo likisema mishono kumi na masharti yakasema "tunaweza kupunguza", masharti hayalisafishi lile tangazo. Ndiyo maana namuunga mkono Ticha pia kwenye rifandi, Fundi usiandike "pesa hairudi kwa hali yoyote ile". Sheria ya Miamala imempa mnunuzi wa mtandaoni haki ya kughairi katika mazingira fulani, na sentensi ya namna hiyo inakuonyesha vibaya mbele ya hakimu hata pale ambapo ungeshinda. Fomula ya Ticha ya masomo mawili imekaa vizuri, kila upande umepewa kitu.

Video kusambazwa. Hakimiliki unayo tangu siku uliporekodi, huhitaji kusajili ndiyo uwe nayo, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ila nakushauri usajili kazi zako COSOTA (ofisi ya hakimiliki), kwa sababu siku ya mabishano cheti cha usajili kinakusaidia kuonyesha nani alikuwa nayo kwanza. Kinacholindwa ni video yako, maelezo uliyoandika na mchoro wa paterni yako. Ujuzi wa kukata dera haulindwi, kwa hiyo usiandike kwamba mwanafunzi hataruhusiwa kufundisha wengine kushona, hilo halina miguu na halipendezi, ujuzi umefika hapa kwa kufundishana. Mkataze kunakili, kurekodi skrini, kutuma linki au neno la siri, na kuuza paterni. Na umruhusu waziwazi kushona nguo kwa paterni zako na kuziuza kadiri anavyoweza, maana bila kuliandika watakuuliza kila siku, na wengine wataogopa kufanya biashara waliyoisomea.

Usiweke faini ya kutisha. Nimeona watu wanaandika ukisambaza utalipa milioni tano. Sheria ya Mikataba kifungu cha 74 inasema kiasi mlichokitaja ni ukomo tu, mahakama itampa aliyeumizwa fidia inayofaa isiyozidi hapo, haikupi milioni tano kwa sababu ya kuiandika. Kozi ya elfu hamsini na faini ya milioni tano zinachekana. Andika kwamba akaunti itafungwa bila kurudishiwa ada, na kwamba utadai hasara iliyopatikana. Halafu kijana wako aweke namba ya simu ya mwanafunzi itokee hafifu juu ya video na kwenye kila ukurasa wa paterni, hiyo inawazuia watu kuliko aya yoyote nitakayokuandikia.

Mabinti wa chini ya miaka 18. Hapa naomba uwe makini sana. Aliye chini ya 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, tiki yake ni kama haipo. Anayekubali masharti na kulipa awe mzazi au mlezi, kwa jina lake na namba yake. Hivyo usiwafukuze, waliomaliza kidato cha nne hao ndio wenye muda na hamu, lakini mkataba uwe na mama yake.

Na vipimo na picha, hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kuna Tume yake, na anayekusanya taarifa za watu kikazi anatakiwa ajisajili huko. Kwenye ukurasa wako mwambie mtu unachukua nini, unakitumia kwa kazi gani, nani anakiona, unakifuta lini, na kwamba anaweza kukuomba aone au ufute. Ruhusa ya kuweka picha ya mwanafunzi kwenye tangazo iwe na tiki yake PEKEE, tofauti na tiki ya masharti, na akikataa asinyimwe kozi. Kwa binti wa chini ya 18 ni mzazi anayetoa. Kama inawezekana nguo ivalishwe kwenye umbo la plastiki au ining'inizwe, sura isitokee, usahihishaji hauhitaji sura ya mtu.

ShemejiWaLeicester

Assalaam aleikum watu wa nyumbani. Mimi wa Ngamiani lakini naishi Uingereza miaka mingi sasa. Fundi kwa hao wanafunzi wako wa huku, wamezoea kitu kinaitwa siku 14, ni kanuni za huku za 2013 za mikataba ya mbali, ukinunua huduma mtandaoni una siku 14 za kughairi. Kwa vitu vya kupakua kama video, haki hiyo inaondoka pale mnunuzi anapokubali mwenyewe kufunguliwa mara moja na akakiri kwamba anaelewa anaipoteza. Kwa hiyo kama una mpango wa kutangaza kozi kwa watu wa huku hasa, ongeza kisanduku cha kukiri hilo. Kama wanakupata tu kwa ndugu zao hiyo ya siku 7 inaeleweka, ila waambie kabla, msije mkavunjiana heshima kwa sababu kila mtu alikuwa anafikiria sheria ya kwake.

Na saa. Laivu ya saa 2 usiku ya Tanga huku ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 jioni wakati wa joto, andika saa zote ni za Afrika Mashariki.

FundiMakorora

Jamani Mungu awalipe. Nimekaa na binti yangu, kijana tumemwambia ukurasa wake hatuuchukui. Nabandika hapa nilichoandika, sehemu zile zenye ugomvi tu, mnipigie msasa.

"Kozi hii inafundishwa na mimi mwenyewe kupitia jina la biashara lililoandikwa hapo juu. Ada ni kiasi unachokiona kwenye ukurasa wa kozi na hakuna malipo mengine ndani ya kozi. Kabla hujalipa hakikisha una cherehani cha kawaida kinachofanya kazi, futi kamba, mkasi na karatasi za paterni. Kitambaa, uzi na bando ni juu yako.

Ukilipa ada yote masomo yote yanafunguka kwa miaka miwili. Ukilipa nusu, nusu ya kwanza inafunguka, nusu ya pili inafunguka ukimaliza. Usipomaliza ndani ya siku 60 utatoka kwenye vipindi vya laivu lakini masomo uliyoyalipia yanabaki kwako kwa muda uleule wa miaka miwili.

Ukiona kozi haikufai niambie ndani ya siku 7 tangu ulipolipa. Kama hujavuka somo la pili na hujapakua paterni utarudishiwa pesa yako kwa namba uliyolipia, ukitoa makato ya muamala. Nikishindwa mimi kutoa kozi niliyoitangaza utarudishiwa yote na makato nitabeba mimi.

Kazi utakayotuma nitaiangalia na kukujibu ndani ya siku mbili za kazi. Kipindi cha laivu kikikatika upande wangu nitakirudia. Ukikosa wewe, rekodi utaikuta kwenye akaunti yako.

Nguo utakazoshona kwa paterni zangu ni zako, uza utakavyo. Video na paterni zenyewe usizitume, usiziuze, usizirekodi, na usimpe mtu neno lako la siri. Nikithibitisha umefanya hivyo nitafunga akaunti bila kurudisha ada na nina haki ya kudai hasara.

Cheti nitakachokupa kinaonyesha umemaliza kozi yangu na kazi zako nimezikagua. Siyo cheti cha serikali wala cha chuo."

Hapo kwenye cheti moyo unaniuma kidogo, naogopa wakisoma hivyo watakimbia.

TichaDunda

Hawatakimbia, fundi, watakaokimbia ni wale ambao wangerudi kukudai baadaye. Ila usiwaache hewani, waongezee njia. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza mtaani au kwa fundi, na VETA Tanga ipo, anayetaka cheti cha kuombea kazi kiwandani aulizie huko akiwa na kazi zake mkononi. Andika kwamba kozi yako inamjenga mikono, kupimwa ni kwao na hauwaahidi kwamba watafaulu. Na maneno kama astashahada usiyasogelee, vyeti vya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi.

Rasimu yako imeniingia. Nimeisoma kwa simu bila kukodoa macho.

MamaZuwena_Muheza

Mie nimeielewa yote mara moja wala sikuuliza mtu. Lakini hapo kwenye "nikithibitisha umefanya hivyo", unathibitishaje? Simu yangu wanaichezea wajukuu, video ikitumwa kwa bahati mbaya nafungiwa na hela imekwenda? Weka kwanza unamwambia mtu, unampa nafasi ya kujieleza, ndipo unafunga.

FundiMakorora

Mama umesema kweli, naongeza hivi: "Kabla ya kufunga akaunti nitakueleza nilichokiona na utakuwa na siku tatu za kujibu." Na la cheti nimeandika kama alivyosema Ticha, nimetaja VETA.

Karani, swali la mwisho. Wale wanafunzi wangu wa zamani wa WhatsApp, ambao walilipa kabla ya haya yote, masharti haya yanawahusu? Na nikija kubadilisha mbeleni?

KaraniChumbageni

Hayawahusu mpaka wayakubali. Wao waliingia kwa makubaliano mliyoongea wakati ule, hata kama yalikuwa ya sauti za WhatsApp, na ulichowaahidi wakati ule unadaiwa. Usiwaambie "kuanzia leo". Watumie masharti mapya, waeleze kwamba wanahamia kwenye tovuti na watapata paterni na rekodi ambazo kwenye grupu hawakuwa nazo, anayetaka kuhama aweke tiki, asiyetaka ummalizie kozi yake kwenye grupu kama mlivyokubaliana. Wengi watahama. Kwenye hakimiliki tu ndipo hakuna cha zamani wala kipya, video ni yako hata kwa aliyelipa kabla, huyo wa buku mbili unaweza kumwandikia barua kesho asubuhi.

Na mbeleni ukibadilisha, weka tarehe juu ya ukurasa, toleo la zamani lihifadhi usilifute, na mabadiliko yaanze kwa wanaojiunga baada ya tarehe hiyo. Aliyejiunga Januari aende na ya Januari. Njoo na rasimu nzima ofisini wiki ijayo, pamoja na ile ya picha na vipimo, na skrinishoti za lile grupu linalouza video zako uje nazo zikiwa na tarehe na namba za simu zinaonekana, usiwaandikie chochote kwenye grupu lao kabla hujazichukua maana wakishtuka watafuta.